Ratiba Inayochorwa: Tunachoweza Kujifunza kwa Mistari ya Treni

Ratiba nyingi zinazoendesha maisha yetu zimeandikwa kwa namba na majina ndani ya visanduku: ratiba ya vipindi katika ofisi ya walimu, orodha ya zamu ukutani wodini, nyakati za treni kwenye ubao wa stesheni. Jedwali la namna hiyo humfaa sana mtu anayetaka kujua anatakiwa wapi na saa ngapi. Anayepanga ratiba ana swali lingine kabisa. Yeye anataka kujua kwamba akikisogeza kitu hiki kimoja, ni vingapi vingine vitakavyolazimika kusogea, na ni nani atakayeumia. Jedwali halimjibu, hata likiwa kwenye lahajedwali la kompyuta lenye rangi nzuri, na kwa miaka mingi nimeona watu wenye akili nyingi wakichoka bure kwa kuwa wanapanga mambo yenye sura nyingi kwa chombo kisichoonyesha sura hata moja.

Njia ya kulijibu swali hilo kwa picha ilikuwapo muda mrefu kabla ya kompyuta. Étienne-Jules Marey, daktari wa Ufaransa aliyejulikana kwa kurekodi mapigo ya moyo na mwendo wa wanyama, alichapisha mwaka 1878 kitabu kuhusu uchoraji wa vipimo vya kisayansi, na humo akazungumzia mchoro wa treni za Paris na Lyon, ambao ubunifu wake aliuhusisha na mhandisi aliyeitwa Ibry. Katika mchoro ule stesheni zimepangwa kutoka juu hadi chini, zikiachana kwa kadiri ya umbali wake halisi, na saa za siku zinakwenda kutoka kushoto hadi kulia. Kila treni ni mstari mmoja unaopita kwa mshazari. Mstari ulioinuka sana ni wa treni ya kasi, uliolala ni wa treni ya polepole, na pale mstari unapokwenda sambamba na ukingo wa karatasi kwa kitambo, treni imesimama stesheni. Mistari miwili inapokatana, treni mbili zinakutana, na karatasi inakuonyesha ni wapi na saa ngapi.

Mchoro huu ungali unatumika katika reli duniani kote, na kwa reli zetu una maana kubwa kuliko kwa Ufaransa, kwa sababu reli zetu nyingi ni za njia moja. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli ya Kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, nayo ni ya njia moja, na vivyo hivyo reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kwenye njia moja treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana popote isipokuwa kwenye stesheni au kituo chenye njia ya pembeni. Kwa hiyo kanuni nzima ya usalama na ya ratiba inaweza kusemwa kwa sentensi moja juu ya mchoro: mistari ikatane kwenye stesheni tu.

Mfano wa kubuni utasaidia, na ninamwomba msomaji achukue karatasi na penseli, kwa sababu faida ya jambo hili inaonekana mkononi zaidi kuliko katika maelezo. Tuseme kuna stesheni nne, A, B, C na D, zenye umbali wa kilomita 40 kati ya moja na nyingine, na treni zote zinakwenda kilomita 40 kwa saa. Treni ya kwanza inaondoka A saa 2:00 asubuhi, inapita B saa 3:00, C saa 4:00, na kufika D saa 5:00. Treni ya pili inaondoka D saa 3:00 na kushuka kuelekea A, ikipita C saa 4:00 na B saa 5:00. Mistari yao inakatana C saa 4:00, pahali panaporuhusiwa. Treni ya tatu inaondoka A saa 4:00 na kukutana na ile ya pili B saa 5:00. Kila kitu kiko sawa.

Sasa treni ya kwanza ichelewe kuondoka kwa nusu saa. Kwenye jedwali la namba utabadilisha safu moja, na jedwali litaendelea kukutazama kimya. Kwenye mchoro utausogeza mstari mmoja kulia, na papo hapo utaona kwamba makutano yametoka C na kuhamia porini kati ya B na C, kilomita 10 kabla ya kufika C, saa 4:15. Huna haja ya hesabu yoyote kulijua hilo, kwa sababu jicho limekwisha kuliona.

Unayo njia mbili. Ya kwanza ni kuisimamisha treni ya pili C kwa nusu saa mpaka ya kwanza iwasili saa 4:30. Ya pili ni kuiacha treni ya pili iendelee na kuisubirisha ya kwanza B, kuanzia saa 3:30 hadi saa 5:00, jambo litakaloifikisha D saa 7:00 badala ya saa 5:00. Kwenye mchoro njia ya kwanza ni mstari mfupi uliolala pale C, na ya pili ni mstari mrefu uliolala pale B, kwa hiyo gharama za maamuzi mawili zimewekwa mbele yako kwa urefu unaoweza kuupima kwa vidole. Hata hivyo ukichagua ile ya kwanza, treni ya pili itafika B saa 5:30, na treni ya tatu, ambayo haikuwa na kosa lolote, itaisubiri hapo kwa nusu saa. Ucheleweshaji umehama kutoka treni moja hadi nyingine, na unaweza kuufuata kwa macho hatua kwa hatua jinsi unavyoshuka kwenye karatasi.

Hilo ndilo ninalolipenda katika mchoro huu, na ndilo kipimo ninachokitumia ninapotathmini kiolesura chochote cha kupangia ratiba, yaani kile ambacho mpangaji anakitazama na kukigusa. Kizuri ni kile kinachonionyesha gharama ya uamuzi kabla sijaufanya. Kuipamba ratiba iliyokwisha kupangwa ni kazi rahisi, na programu nyingi huishia hapo.

Wazo la vipande vinavyosogezwa kwa mkono nalo lina historia yake. Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland aliyefanya kazi katika viwanda vya chuma, alibuni mwaka 1896 chombo alichokiita harmonogramu, ambamo kila kazi ilikuwa na ukanda wake wa karatasi, nazo kanda hizo zilipangwa kwa kufuata kazi ipi inaitangulia ipi, hivi kwamba kazi moja ikisogea, zile zinazoitegemea zilionekana kuwa lazima zisogee pia. Maandishi yake hayakusambaa katika lugha zilizosomwa Marekani, na sifa ikaenda kwa Henry Gantt, mhandisi wa Marekani ambaye chati zake za pau zilitumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kufuatilia utengenezaji wa silaha na ujenzi wa meli. Chati ya Gantt imeenea mpaka kwenye ofisi za miradi katika wilaya zetu, na inafaa kwa mengi. Kwa maoni yangu tulipoteza kitu tulipoichukua katika sura yake nyepesi, kwa sababu pau zilizopangwa kama ngazi huonyesha kazi inaanza lini na kuisha lini, lakini mara nyingi hazionyeshi ni kwa nini inaanza siku hiyo. Anayejenga nyumba anajua kwamba hawezi kutoa mbao zinazoshikilia zege kabla halijakomaa, ila anaweza kuanza kutandaza nyaya za umeme ukutani mapema akitaka. Kwenye pau vitu hivyo viwili vinafanana, kimoja kikiwa ni sharti na kingine ni hiari.

Shuleni ndiko ninakoona uwezekano mkubwa zaidi, na ningependa watengenezaji wa programu wa ukanda huu wakae na walimu wa taaluma kabla ya kuandika chochote. Tuchukue sekondari yenye mikondo 12, siku 5 za masomo na vipindi 8 kwa siku. Hivyo ni visanduku 480, na kila kimoja kinagusa mambo matatu kwa wakati mmoja: mkondo, mwalimu na chumba. Mwalimu hawezi kuwa katika mikondo miwili kwa mara moja, maabara ni moja, vipindi vya vitendo vya Kemia vinataka viwili mfululizo, na mwalimu wa Fizikia anafundisha pia shule ya jirani siku za Jumanne na Alhamisi. Mwaka 1976 wanasayansi wa kompyuta Even, Itai na Shamir walichapisha uthibitisho kwamba tatizo la ratiba ya namna hii, hata likirahisishwa, limo katika kundi la matatizo yasiyo na njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua katika hali zote. Mwalimu wa taaluma anayekesha na karatasi zake wakati wa likizo anapambana na jambo ambalo hesabu yenyewe imekiri kuwa ni gumu.

Tatizo la karatasi yake ni kwamba inaweza kupangwa kwa upande mmoja tu. Akipanga kwa mikondo, haoni kwa urahisi kwamba mwalimu wa Hisabati amepewa vipindi sita siku ya Jumatatu na kimoja siku ya Ijumaa. Akipanga kwa walimu, haoni kwamba Kidato cha Pili wanasoma masomo matatu mazito mfululizo mchana wakati wa joto. Skrini inaweza kuonyesha pande zote tatu pamoja, mikondo upande mmoja, walimu upande wa pili, vyumba upande wa tatu, huku kipindi kimoja kikiguswa popote kinang'aa katika pande zote. Anapokiburuta kipindi na kukishikilia bila kukiachia, nafasi zote zinazowezekana zijioneshe kwa rangi moja, zile zisizowezekana zififie, na zile zinazowezekana kwa gharama zioneshe gharama yake: hapa mwalimu atapoteza pumziko lake pekee, hapa maabara itahitajika na mikondo miwili. Programu zenye kadi za rangi za kuburuta zipo tayari na shule nyingi zinazitumia. Ninachokikosa katika nilizoziona ni sababu. Nafasi inakataliwa, na mwalimu hajui imekataliwa na nani.

Kwa hapa lazima niseme neno juu ya mashine inayopanga yenyewe, kwa kuwa wengi wataniuliza kwa nini mtu ahangaike kuburuta kadi ilhali kompyuta inaweza kutoa ratiba nzima kwa dakika chache. Ninaiheshimu kazi hiyo na ningeitumia kwa rasimu ya kwanza. Lakini mambo yanayoamua kama ratiba itaheshimiwa au itavunjwa kimyakimya wiki ya pili hayamo katika data aliyopewa mashine. Mwalimu fulani ananyonyesha na anaomba asipewe kipindi cha kwanza. Walimu wawili hawawezi kushirikiana maabara. Wanafunzi wanaotoka kijiji cha mbali hufika wamechelewa msimu wa mvua, na somo la kwanza ndilo linaloumia. Ratiba ya watu ni makubaliano, na makubaliano yanahitaji kitu ambacho wote wanaweza kukitazama pamoja, wakanyoosha kidole na kusema, hapa hapanifai. Mashine ikileta jibu bila picha inayosomeka, watu hawana pa kunyoosha kidole.

Hospitalini hali ni hiyohiyo, ila makosa yake yanaumiza zaidi. Orodha ya zamu ya wauguzi kwa kawaida ni jedwali lenye herufi: A kwa asubuhi, J kwa jioni, U kwa usiku. Tuseme zamu ya jioni inaanza saa 8 mchana na ya usiku inaanza saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Muuguzi mwenye J Jumatatu na U Jumanne amepata saa 24 za kupumzika kati ya zamu hizo mbili. Muuguzi mwenye U Jumatatu na J Jumanne ametoka kazini saa 2 asubuhi na anatakiwa kurudi saa 8 mchana, yaani baada ya saa 6, ambazo ndani yake kuna safari ya kwenda nyumbani, kula, kulala na kurudi. Kwenye jedwali visanduku viwili vya kila mmoja vimekaa bega kwa bega, vyenye upana uleule. Vichore vyote kwa mstari wa wakati, na yule wa kwanza ataonekana ana uwazi mpana kati ya pau zake mbili, na wa pili ana ufa mwembamba. Msimamizi wa wodi hatahitaji kengele ya kumwonya.

Nina ombi mahususi kwa wanaotengeneza skrini za zamu. Programu nyingi huikata siku saa sita usiku, kwa hiyo zamu moja ya usiku huonekana kama vipande viwili, kimoja mwishoni mwa Jumatatu na kingine mwanzoni mwa Jumanne, na watu huanza kubishana kama muuguzi alifanya kazi Jumatatu au Jumanne. Hakuna sheria ya maumbile inayotaka hivyo. Mchoro wa treni za Paris na Lyon ulianza saa 12 asubuhi na kuishia saa 12 asubuhi iliyofuata, mpango ambao kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo ungekuwa wa kawaida kabisa. Mhimili wa wakati uanze pale ambapo kazi inayopangwa ina pumziko, na kama haina pumziko, basi uachwe uendelee bila kukatwa.

Bandarini mchoro unageuka kuwa wa mistatili: upande mmoja ni urefu wa gati kwa mita, upande mwingine ni wakati, na kila meli ni mstatili wenye urefu wa meli hiyo na muda itakaokaa. Mistatili miwili isigusane. Ni picha rahisi kiasi kwamba mtu akiiona mara moja anaielewa, na kwa bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, ambazo mizigo yake inakwenda mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ningependa wenye mizigo nao waruhusiwe kuiona.

Hata hivyo michoro hii yote ina udhaifu mmoja ambao sipendi kuupita haraka. Ncha ya pau ni kali. Inasema kazi itaisha saa 9:00, kana kwamba kuna mtu anayejua. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani, likitengeneza makombora ya Polaris, lilianza kutumia mbinu ya kupanga kazi inayoitwa PERT, ambayo ilidai kila kazi ipewe makisio matatu ya muda: yenye matumaini, yenye uwezekano mkubwa, na yenye hofu. Wazo hilo la miaka zaidi ya 60 iliyopita limepotea katika skrini nyingi za leo. Upasuaji uliopangiwa saa mbili unaweza kuchukua nne, na meli inayotarajiwa Jumatano inaweza kuja Ijumaa. Pau ingeweza kuchorwa ikiwa imekoza pale penye uhakika na ikififia kuelekea mwisho, ili anayepanga aone kwamba ameweka kazi ya pili juu ya ukungu wa kazi ya kwanza. Mtu akiona hivyo ataacha nafasi ya akiba bila kuambiwa.

Jambo la simu nalo ni zito, kwa sababu wengi wetu tutaiona ratiba kwenye simu, na mhimili wa wakati unaokwenda kulia hautoshi kwenye kioo chembamba. Tiba yake ni kuugeuza, wakati ushuke kutoka juu hadi chini, kwani kidole kimekwisha kuzoea kusukuma juu na chini. Na kwa kuwa ratiba nyingi huishia kuchapwa na kubandikwa, rangi pekee zisibebe maana, kwani mashine ya nakala ya shule haina rangi na wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mistari iliyokatika, vivuli na herufi vinatosha.

Matumizi ninayoyafikiria zaidi siku hizi yako mbali na ofisi, nayo ni zamu za maji ya umwagiliaji. Mifereji ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro ilichimbwa kabla ya ukoloni na ilikuwa na taratibu zake za zamu, na chini yake kwenye tambarare kuna skimu kama ile ya Moshi Chini yenye mifereji ya saruji na mashamba ya mpunga. Ratiba ya maji ikiandikwa kwa jedwali hudhani kwamba maji yanafika kila mahali kwa wakati mmoja. Hayafiki hivyo. Kama mfereji mtupu una urefu wa kilomita 6 na maji yanatembea kilomita moja kwa saa, lango likifunguliwa saa 12 asubuhi, shamba la mwisho litapata maji saa 6 mchana. Mkulima wa mkiani aliyeandikiwa zamu ya saa 12 hadi saa 4 asubuhi atasimama na jembe lake pembeni mwa mfereji mkavu kwa zamu yake yote, na jedwali litadai kwamba alipata haki yake sawa na wenzake.

Chora mfereji kama reli: mashamba yapangwe kutoka juu hadi chini kwa umbali wake kutoka langoni, na saa kutoka kushoto hadi kulia. Maji yanayotembea ni mstari wa mshazari, kama treni. Zamu za haki haziwezi kuwa visanduku vilivyonyooka chini ya saa ileile, bali lazima zianze pale mstari wa maji unapolifikia kila shamba, kwa hiyo ya mwenye shamba la mwisho inaanza saa 6 mchana. Kamati ya watumiaji maji inaweza kuchora hivyo kwa chaki ubaoni, ikipima kwanza maji yanachukua muda gani kutoka langoni hadi mkiani kwa kufuata jani linaloelea. Programu ya simu inaweza kuja baadaye na kuchora upya mistari kila kina cha mto kinaposhuka na maji kupunguza mwendo wakati wa kiangazi, na kumtumia kila mkulima ujumbe wa saa yake, huku mchoro mzima ukibaki ofisini kwa skimu ili yeyote anayehisi amepunjwa aje autazame na wenzake.